Istilahi za Hitilafu za Ateri Taji na Utambuzi Wake

Utangulizi

Mara nyingi hudhaniwa kwamba maneno ya elimu ya tiba ni mali ya madaktari peke yao, na kwamba mtu mwingine hana haja nayo. Dhana hiyo haina msingi. Daktari wa nchi hii husoma kwa Kiingereza na huandika jalada la mgonjwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa huulizwa kwa Kiswahili, huelezwa kwa Kiswahili, na idhini ya kupasuliwa huitoa kwa Kiswahili. Hivyo neno la tiba huvuka mpaka wa lugha kila siku. Anayelivusha, mara nyingi, si mfasiri aliyekaa na kamusi zake mezani. Ni muuguzi aliyesimama, mwenye wagonjwa wengine wanaomngoja mlangoni.

Makala haya yanahusu kundi dogo la istilahi, nazo ni zile za hitilafu za nadra za ateri zinazoulisha moyo wenyewe, ambazo mtu huzaliwa nazo, pamoja na maneno yanayotumika katika kuzitambua. Tumelichagua kundi hili kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya hitilafu hizi hazimdhuru mtu maisha yake yote, na baadhi humwua mtoto mchanga kabla hajatimiza mwaka, au kijana akiwa uwanjani. Lugha isiyozitenga aina hizo mbili itawatisha wasiohitaji kutishwa na kuwatuliza wasiostahili kutulizwa. Pili, karibu kila neno la kawaida ambalo mfasiri angelishika mwanzo katika jambo hili lina mtego ndani yake.

Ili hoja zetu zisielee hewani, tujiwekee msomaji mmoja wa kubuni. Tujaalie kuwa yupo mama anayeishi Sudi, katika pwani ya Mkoa wa Lindi, kwenye ghuba yenye mikoko iliyo kati ya mji wa Lindi na Mikindani. Mtoto wake ana umri wa miezi miwili na hali yake si nzuri. Amempeleka zahanati, akatumwa hospitali ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na huko ameandikiwa barua ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400. Katika kila kituo ataambiwa jambo fulani. Swali letu ni hili: aambiwe kwa maneno gani?

Swali hili limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni kuliko zamani. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ikaundwa mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa moyo waliohitaji kupasuliwa walipelekwa nje ya nchi, hasa India, na mazungumzo yote mazito juu ya moyo wa Mtanzania yalifanyika kwa lugha za watu wengine. Kazi hiyo sasa hufanyika nyumbani, na lugha ya nyumbani haina budi kuwa tayari.

Neno mshipa na mzigo wake

Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni mshipa. Ni neno zuri, na hatukusudii kulifukuza. Lakini katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni jina la vitu vingi: njia inayotoa damu moyoni, njia inayorudisha damu moyoni, neva inayopeleka hisia, na hata ukano unaofunga msuli kwenye mfupa. Mtu asemaye 'mshipa umenivuta' hasemi habari za damu.

Zaidi ya hayo, mshipa ni jina la maradhi. Husemwa mshipa wa ngiri, na wako wanaouita hivyo hata ule uvimbe wa korodani uitwao busha. Katika mwambao wa Lindi na Mtwara, ambako matende na mabusha yamewasumbua watu kwa miaka mingi, na ambako serikali imeendesha kampeni za kugawa dawa za kinga na kuwapasua wenye mabusha, maana hiyo haikulala katika kamusi. Ingali hai vinywani mwa watu. Mama wa Sudi akiambiwa, 'Mtoto wako ana mshipa, anatakiwa kupasuliwa,' aweza kupata maana iliyo kamili na isiyo ya kweli. Ataelewa kuwa mtoto ana ngiri, na huenda akaona kuwa shauri hilo laweza kungoja mpaka korosho ziuzwe. Neno asilolielewa lingemfanya aulize. Neno analolielewa vingine halimfanyi aulize kitu.

Kwa hiyo twapendekeza kuwa mshipa liendelee kuwa jina la jumla, na kwamba kila linapotumika katika habari za moyo liandamane na damu: mshipa wa damu. Pale ambapo aina ya mshipa ni ya lazima kujulikana, yatumike maneno ambayo shule zetu zimekwisha kuyazoea: ateri kwa mshipa unaotoa damu moyoni, vena kwa mshipa unaoirudisha damu moyoni, na neva kwa njia ya hisia.

Ateri na ile iitwayo damu safi

Hapa walimu watatuvumilia tukigusa desturi moja ya darasani. Mwanafunzi hufundishwa kwamba ateri ni mshipa wa 'damu safi' na vena ni mshipa wa 'damu chafu'. Maelezo hayo ni mepesi kukumbukwa, lakini yana makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la elimu yenyewe. Ateri ya mapafu hutoa damu moyoni na kuipeleka mapafuni, na damu hiyo ina oksijeni kidogo. Kwa kanuni ya 'damu safi' ateri ya mapafu isingekuwa ateri. Kosa la pili ni la lugha. Damu chafu, katika masikio ya watu, ni damu yenye ugonjwa au yenye uchafu wa kimwili, tena wengine huihusisha na mwenendo. Hakuna mzazi atakayefurahi kuandikiwa kuwa moyo wa mtoto wake unalishwa kwa damu chafu.

Jambo hili si la kubishania maneno matupu. Kama tutakavyoona hapa chini, hitilafu moja iliyo mbaya kuliko nyingine ni ile ambayo ateri ya moyo huanzia katika ateri ya mapafu badala ya aota, ule mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Aliyefundishwa kwamba kila ateri ina damu safi hawezi kuelewa ubaya uko wapi, kwa maana kwake ateri ni ateri. Twapendekeza basi damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo. Ni maneno marefu zaidi, lakini hayamdanganyi mwanafunzi wala hayamtukani mgonjwa.

Kwa nini taji

Moyo husukuma damu ya mwili mzima, lakini msuli wake haulishwi na damu inayopita vyumbani mwake. Unalishwa na ateri mbili, ya kulia na ya kushoto, zinazochipuka kwenye aota mara tu inapotoka moyoni. Ateri hizo na matawi yake huuzunguka moyo kwa juu, na wataalamu wa kale wa Ulaya waliziita kwa neno la Kilatini corona, maana yake taji. Kiswahili kingeweza kufuata njia tatu.

Njia ya kwanza ni kusema mishipa ya moyo au ateri za moyo. Ndiyo lugha ya watu wengi, na katika mazungumzo inatosha. Udhaifu wake ni kwamba aota nayo ni ateri itokayo moyoni, na ateri ya mapafu vilevile. Pale ambapo daktari anataka kusema kuwa ateri hii imeanzia katika ile, jina moja haliwezi kubeba zote.

Njia ya pili ni kutohoa na kusema ateri za korona. Kabla ya mwaka 2020 tungeweza kuikubali bila shaka kubwa. Tangu mwaka huo, hata hivyo, korona ni neno la kila mtu, jina la ugonjwa ulioingia kila nyumba, na kifupi UVIKO-19 chenyewe kimebeba neno hilo ndani yake: Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Asili ya maneno hayo ni moja, kwa kuwa virusi hivyo navyo vilipewa jina la taji kwa sababu ya umbo lao. Lakini msikilizaji hasikii asili ya neno. Husikia matumizi yake. Mtu akiambiwa ana 'hitilafu ya korona' atauliza kama ataambukiza watoto wake.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo tunayoipendelea, ni kutafsiri: ateri taji. Muundo wa majina mawili yanayofuatana, la pili likilipambanua la kwanza, si mgeni katika lugha yetu. Tunao askari kanzu, mbwa mwitu na njiwa manga. Upatanisho wa sarufi hufuata jina la kwanza: ateri taji ya kushoto, ateri taji zote mbili. Mwalimu anayetaka mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi wake aweza kusema kuwa ateri hizi zimeuzunguka moyo kama kilemba kilivyozunguka kichwa. Mfano huo wafaa kwa kufundishia, ila hatuupendekezi kuwa istilahi, kwa sababu kilemba kina maana nyingine nyingi.

Hitilafu, kasoro na ugonjwa

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni mamoja, nasi twaona yafaa yagawiwe kazi. Hitilafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutofautiana. Kasoro limetokana na neno lenye maana ya upungufu. Ugonjwa ni hali ya mwili kushindwa kazi yake. Mgawanyo huo wa lugha unafuata vizuri mgawanyo wa tiba.

Mwaka 1990 Yamanaka na Hobbs walichapisha hesabu ya wagonjwa 126,595 waliopigwa picha za ateri taji huko Cleveland, Marekani. Wenye ateri za maumbile yasiyo ya kawaida walikuwa 1,686, yaani kiasi cha asilimia 1.3, na sehemu kubwa ya hao walikuwa na aina zisizo na madhara. Ateri ilianza mahali tofauti kidogo, au tawi lilichipuka peke yake, na damu ikafika kama kawaida. Watu hawa wana hitilafu. Hawana kasoro, wala si wagonjwa. Twapendekeza hitilafu iwe jina la jumla la kila umbo lisilo la kawaida, kasoro itumike kwa hitilafu inayopunguza au iwezayo kupunguza damu inayofika kwenye msuli wa moyo, na ugonjwa usitajwe mpaka dalili au madhara yameonekana. Neno kilema lisitumike kabisa katika habari hizi.

Vivyo hivyo tuseme hitilafu za nadra, tusiseme hitilafu adimu. Kitu adimu ni kile kinachotafutwa na kukosekana, kama vile sukari ilivyopata kuwa adimu madukani. Hakuna anayeitafuta hitilafu ya moyo.

Kuzaliwa nayo si kurithi

Kosa lingine ambalo tumelikuta katika tafsiri nyingi ni kulifanya jambo la kuzaliwa nalo kuwa jambo la kurithi. Kurithi ni kupokea kutoka kwa wazazi. Kuzaliwa na jambo ni kuwa nalo siku ya kuzaliwa, kwa sababu yoyote iwayo. Ateri taji hujengeka katika majuma ya mwanzo ya mimba, na hitilafu yake hutokea wakati huo. Kwa walio wengi hakuna mtu mwingine katika ukoo mwenye hitilafu hiyo.

Tofauti hii ina uzito wake nyumbani. Barua ikisema 'ugonjwa wa kurithi', ukoo utaanza kuulizana ulitoka upande gani, na twajua ni nani atakayeulizwa kwanza. Istilahi iwe hitilafu ya kuzaliwa nayo, na pale ambapo urithi haukuthibitishwa, neno kurithi lisitajwe.

Chimbuko, mapito na kikomo

Wataalamu huziainisha hitilafu za ateri taji kwa kutazama mambo matatu: ateri imeanzia wapi, imepita wapi, na imeishia wapi. Kiswahili kina maneno yaliyo tayari kwa kazi hiyo: chimbuko, mapito na kikomo. Tumeliacha mkondo, ijapokuwa ni neno la pwani na linavutia, kwa sababu mkondo ni maji yenyewe yaendayo, nasi twataka jina la njia. Mkondo utufae kwa damu: mkondo wa damu.

Katika hitilafu za chimbuko, iliyo nzito kuliko zote ni ateri taji ya kushoto kuchipuka kwenye ateri ya mapafu. Hukisiwa kumpata mtoto mmoja katika watoto 300,000 wanaozaliwa. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa siku za mwanzo msukumo wa damu katika ateri ya mapafu ungali mkubwa na ateri taji hujaa. Baada ya majuma machache msukumo huo hushuka. Ateri taji ya kushoto hupata damu kidogo, tena yenye oksijeni kidogo, na hatimaye mkondo wake hugeuka nyuma. Damu njema inayotoka ateri taji ya kulia hupita katika viungio vya matawi na kuvujia kwenye ateri ya mapafu bila kuulisha msuli. Moyo huanza kufa njaa huku ukisukuma damu ya mwili mzima. Bila kutibiwa, kiasi cha watoto tisa katika kumi hufariki kabla ya kutimiza mwaka. Wakipasuliwa mapema, ateri ikahamishiwa kwenye aota ilikostahili kuwa, wengi hupona na msuli hurudisha nguvu.

Hitilafu hii huitwa pia kwa majina ya madaktari watatu wa Boston walioieleza mwaka 1933, Bland, White na Garland. Twawaonya wafasiri juu ya majina ya watu. White kwa Kiingereza ni pia neno 'nyeupe' na garland ni 'shada', na kwa kuwa habari yenyewe ni ya taji, si vigumu mfasiri mwenye haraka kutuletea 'ugonjwa wa shada jeupe'. Jina la mtu halitafsiriwi. Lililo bora zaidi ni kutumia istilahi inayoeleza jambo lenyewe: chimbuko la ateri taji ya kushoto kwenye ateri ya mapafu.

Hitilafu ya mapito inayotajwa sana ni ile ambayo ateri taji huchipuka upande wa aota usio wake, kisha hupita katikati ya aota na ateri ya mapafu. Mara nyingi mlango wake huwa mwembamba kama ufa, na huanza kwa kupinda ghafla. Mtu aweza kuishi miaka mingi bila dalili, kisha akaanguka anapokimbia au kucheza, wakati moyo unapohitaji damu nyingi. Katika nchi zilizochunguza vifo vya ghafla vya vijana wanamichezo, hitilafu za ateri taji zimo miongoni mwa sababu kuu. Mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu wa Marekani, Pete Maravich, alifariki mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 40 katika mchezo wa kirafiki. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa hakuwa na ateri taji ya kushoto, na hakuna aliyelijua hilo alipokuwa hai.

Pengine pia ateri hupita chini ya msuli wa moyo kwa kipande kifupi, kama mtumbwi upitao chini ya daraja. Hiyo yafaa iitwe daraja la msuli, na ni hitilafu ya kawaida ambayo kwa watu wengi haina madhara.

Hitilafu za kikomo ni zile ambazo ateri, badala ya kuishia katika msuli, hufungukia ndani ya chumba cha moyo au kwenye mshipa mwingine. Istilahi ya kimataifa ni fistula. Tatizo ni kwamba nchini mwetu neno hilo limejulikana kwa watu wote kwa maana moja, jeraha la uzazi linalomfanya mama avujwe na mkojo, na linaandamana na aibu ambayo kampeni za afya zimejitahidi kuiondoa. Wengine wangependa kusema mchepuko, lakini vijana wamekwisha kulipa neno hilo kazi nyingine isiyofaa kuandikwa katika barua ya hospitali. Shauri letu ni kwamba wataalamu waandike fistula ya ateri taji, wasikate neno, na mgonjwa aelezwe kuwa damu yake imepata njia ya mkato.

Maneno ya utambuzi

Magazeti hupenda kuandika kuwa mtu 'amegundulika' na ugonjwa. Kugundua ni kupata jambo lisilojulikana na mtu yeyote. Daktari anayezijua dalili na kuziona kwa mgonjwa ametambua. Tutenge basi maneno matatu: upimaji, yaani kutumia chombo, uchunguzi, yaani kazi nzima ya kuuliza, kugusa, kusikiliza na kupima, na utambuzi, yaani uamuzi unaofikiwa mwishoni. 'Vipimo vimefanyika' haina maana kuwa ugonjwa umetambuliwa.

Utambuzi huanza kwa masikio, na hapa Kiswahili ndicho kinachotoa na daktari ndiye anayepokea. Mtoto mwenye kasoro tuliyoieleza hulia akinyonya, hubadilika rangi, hutokwa na jasho na hutweta. Mama aweza kusema kuwa mtoto ana chango, kwa sababu analia, au kichomi, kwa sababu anatweta. Chango na kichomi ni utambuzi wa mama. Kulia na kutweta wakati wa kunyonya ni dalili alizoziona. Fomu nzuri ya zahanati huuliza dalili kwanza: mtoto hufanya nini anaponyonya? Kadhalika kijana aliyeanguka uwanjani husemwa ana kifafa. Aulizwe kama alizirai katikati ya mbio au alipokuwa amepumzika, na kama kifua kilimbana kabla. Tena, asemaye moyo umemchafuka ana kichefuchefu. Asiandikwe kuwa ni mgonjwa wa moyo.

Kipimo cha kwanza ni kile kinachoandika umeme wa moyo. Tukisema 'kupimwa kwa umeme', wako watakaodhani watapigwa shoti. Twapendekeza mchoro wa umeme wa moyo, na mgonjwa aelezwe kuwa mashine husoma umeme unaotoka moyoni, haipeleki umeme mwilini. Kwa mtoto mchanga mwenye kasoro ya chimbuko, mchoro huo aghalabu hufanana na wa mtu mzima ambaye sehemu ya msuli wa moyo wake imekosa damu, na kufanana huko ni ishara kubwa. Kwa kijana mwenye hitilafu ya mapito, mchoro waweza kuwa wa kawaida kabisa akiwa amepumzika. Hivyo 'mchoro ni mzuri' haina maana kuwa 'moyo ni mzima'.

Kipimo cha pili hutumia mawimbi ya sauti yanayorudi kama mwangwi katika mikoko, nacho twakiita kipimo cha mwangwi wa moyo. Huonyesha vyumba, vali na mkondo wa damu, na mpimaji mwenye ujuzi aweza kuliona chimbuko la ateri taji. Cha tatu ni siti skani, inayochora chimbuko na mapito kwa uwazi mkubwa baada ya dawa ya kung'arisha picha kuingizwa kwenye vena. Cha nne ni picha ya ateri kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopenyezwa katika mshipa wa damu wa paja au mkono hadi kwenye mlango wa ateri taji. Njia hiyo ilianza mwaka 1958, Mason Sones wa Cleveland alipoona kuwa dawa iliyoingia katika ateri taji kwa bahati haikumdhuru mgonjwa.

Katika habari za matibabu ya moyo nchini, kazi za katheta zimezoeleka kuitwa 'upasuaji wa tundu dogo'. Neno hilo ni zuri pale ambapo kuna tiba inayofanywa. Lakini ikiwa katheta imepelekwa kupiga picha tu, tuseme uchunguzi kwa katheta. Mzazi aliyekwisha kusikia kuwa mtoto 'amepasuliwa' aweza kumchukua na kurudi Sudi akiamini kuwa tiba imekwisha.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Ateri taji: ateri inayolisha msuli wa moyo.
Chimbuko: mahali ateri inapoanzia.
Daraja la msuli: msuli wa moyo unaopita juu ya kipande cha ateri taji.
Fistula ya ateri taji: njia ya mkato ya damu kutoka ateri taji hadi chumba cha moyo au mshipa mwingine.
Hitilafu ya kuzaliwa nayo: umbo lisilo la kawaida lililokuwapo wakati wa kuzaliwa.
Kasoro: hitilafu inayopunguza au iwezayo kupunguza damu ya msuli wa moyo.
Kikomo: mahali ateri inapoishia.
Kipimo cha mwangwi wa moyo: picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.
Mapito: njia ya ateri kati ya chimbuko na kikomo.
Mchoro wa umeme wa moyo: maandishi ya umeme unaotoka moyoni.
Mlango wa ateri: uwazi wa ateri kwenye chimbuko lake.
Uchunguzi kwa katheta: picha ya ateri inayopigwa kwa mrija uliopenyezwa ndani ya mshipa wa damu.

Mfano wa matumizi

Tulinganishe maelezo mawili. La kwanza: 'Mtoto ana tatizo la mshipa la kurithi. Amepimwa kwa umeme. Apelekwe kupasuliwa.' Kila neno ni la Kiswahili, na hakuna sentensi inayomfikishia mama jambo lililo la kweli.

La pili: 'Mama, mtoto wako amezaliwa na kasoro katika ateri taji ya kushoto, yaani mshipa wa damu unaoulisha moyo. Mshipa huo umeanzia mahali pasipo pake, hivyo moyo unapata damu yenye oksijeni kidogo. Jambo hili halikutokana na kosa lako. Bado tunahitaji picha ya kuthibitisha. Ikithibitika, atafanyiwa upasuaji wa kufungua kifua ili mshipa uhamishiwe mahali pake. Haifai kungoja.' Maelezo haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, na yasomwapo kwa sauti hayafiki nusu dakika.

Hitimisho

Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2003, pamoja na orodha za istilahi za Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, zimetupa msingi imara. Lakini istilahi haimalizi kazi yake inapoingia katika orodha. Humaliza inapomfikia mtu wa mwisho wa njia, naye akaitenda ipasavyo. Neno sudi, katika Kiswahili cha kale na cha leo, lina maana ya bahati njema. Mtoto wa Sudi asiachiwe bahati peke yake katika jambo ambalo lugha yaweza kusaidia.

Twawaomba wauguzi, walimu na wafasiri wa mikoa yote watuletee maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa, pamoja na maoni yao juu ya mapendekezo haya, hasa pale ambapo neno tulilolichagua lina maana nyingine katika sehemu zao. Istilahi iliyosahihishwa mapema ina gharama ndogo kuliko iliyozoeleka vibaya.